Tundu la Sindano na Kivuli Kilichofungwa: Kamera Baina ya Historia na Fiqhi

Siku ya Alhamisi tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa katika anga ya Tanzania. Waliosafiri hadi Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, waliliona limebaki pete ya moto kuuzunguka mwezi. Sisi tuliokuwa mbali na njia ile tuliliona limeliwa upande mmoja likawa mfano wa hilali. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kuswali Swala ya kupatwa kwa jua, mtoto mmoja wa madrasa akatuita tukatazame chini ya mwembe. Nuru inayopenya baina ya majani, ambayo siku zote huweka mchangani vidoa vya duara, siku ile iliweka hilali, mamia ya hilali, zote zimeelekea upande mmoja. Mzee mmoja akasema hiyo ni karama ya mti ule. Nikamwambia kwa adabu kwamba miti yote ya mtaa ilikuwa na karama hiyo hiyo.

Wiki chache baadaye mwalimu wetu wa sayansi aliwaonesha watoto jambo lile kwa vitendo. Wakakusanya makopo ya maziwa ya unga, kila moja likatobolewa tundu la sindano na kutiwa karatasi ya picha ndani, likawa kamera. Kopo moja lilirudishwa asubuhi ya pili na baba wa mwanafunzi. Alinisalimia vizuri, akaliweka mezani, akasema: "Ustadh, mimi nimemleta mwanangu asome Qur'ani, si kufundishwa kutengeneza picha za viumbe. Au hadithi za taswira zimefutwa?"

Ndugu msomaji, swali hilo si la kudharauliwa, kwani hadithi anazozikusudia zimo katika Bukhari na Muslim na hakuna aliyezifuta. Na ajabu yake ni kwamba huwezi kulijibu kwa fiqhi peke yake mpaka ujue kwanza kinachotokea ndani ya kopo. Itatubidi basi tuanze mbali kidogo.

Swali la mwembe ni la kale kuliko watu wanavyodhani. Wafuasi wa Mozi huko China, karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), waliandika juu ya umbo linalogeuka kichwa chini linapopita tunduni. Katika kitabu cha Kiyunani cha masuala kinachonasibishwa na Aristotle, mwandishi anauliza kwa nini jua linapopatwa nuru ipitayo kwenye majani huwa na umbo la hilali. Anauliza, lakini jibu lake halitoshelezi. Aliyelishughulikia kwa hesabu na majaribio ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 354 Hijria (965 Miladia) na kufariki Cairo yapata mwaka 430 (1040).

Ibn al-Qifti anasimulia kwamba alifika Misri zama za Khalifa wa Kifatimi al-Hakim bi-Amrillah kwa ajili ya mradi wa kudhibiti maji ya mto Nile. Alipoona kuwa jambo hilo haliwezekani alimwogopa Khalifa, akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 (1021). Baadaye aliishi katika kuba kwenye mlango wa Msikiti wa al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya Euclid na Ptolemy na kuviuza kwa dinari 150 kwa mwaka. Wapo watafiti wanaokitilia shaka kisa cha wazimu. Hata hivyo waandishi wetu wa siku hizi, badala ya kukipunguza, wamekiongezea: ati alipokuwa kifungoni aliona nuru imepenya tunduni ikachora picha ukutani, ndipo "akagundua kamera". Ibn al-Qifti hakulitaja hilo, wala Ibn Abi Usaybi'a. Ni nakshi ya wasimulizi.

Nakshi nyingine ni ile inayosikika hata juu ya mimbari, kwamba neno "kamera" asili yake ni Kiarabu "qamara". Hapana. Ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba chenye dari ya tao, nalo walilichukua kwa Wayunani. Jina la *camera obscura*, yaani chumba cha giza, lilitumiwa na Johannes Kepler katika kitabu chake cha mwaka 1604. Naona haja ya kuyasema haya kwa sababu mwanachuoni huyu hahitaji sifa za kuazima, na anayemvisha kanzu isiyo yake huwafanya watu wamtilie shaka hata kwa ile iliyo yake.

Iliyo yake ni hii. Katika juzuu ya kwanza ya Kitab al-Manadhir, kitabu chenye juzuu saba, anaeleza jaribio la taa. Weka taa kadhaa mahali pamoja, kila moja pahala pake, zielekee tundu linaloingia katika mahali penye giza, na mbele ya tundu pawe na ukuta. Utaona ukutani nuru nyingi zilizoachana, idadi yake sawa na idadi ya taa. Ziba taa moja, nuru yake peke yake itatoweka ukutani. Ifunue, nuru itarejea pale pale ilipokuwa. Nuru zote zimepita katika tundu moja, kwa wakati mmoja, na hakuna iliyochanganyika na mwenzake. Kila moja imeshika njia yake iliyonyooka.

Tanbihi: hakuwa anatafuta picha. Alikuwa anabishana juu ya namna jicho linavyoona. Miongoni mwa watu wa kale walikuwapo walioona kuwa jicho hutoa miale ikaenda kugusa kitu, na yeye akishikilia kuwa nuru ndiyo inayotoka kwenye kitu ikaja jichoni. Ilimlazimu basi athibitishe kuwa nuru za vitu vingi zinaweza kupita kwenye uwazi mdogo bila ya kuvurugana. Tundu na ukuta vilikuwa mashahidi wake katika kesi nyingine kabisa.

Jibu la mwembe limo katika risala yake ndogo iitwayo Maqala fi Surat al-Kusuf, juu ya umbo la kupatwa kwa jua. Humo anabainisha kwamba nuru ya jua lililopatwa, ikipita katika tundu jembamba la duara, huanguka kwa umbo la hilali. Tundu likipanuliwa, hilali huanza kufifia, na likizidi kuwa pana nuru hufuata umbo la tundu lenyewe: tundu la duara hutoa duara na la mraba hutoa mraba. Maana yake ni kwamba kila nukta ya jua hutuma kupitia tunduni doa lake dogo lenye umbo la tundu. Madoa yakiwa madogo hujipanga kwa umbo la jua, na yakiwa makubwa hulaliana yakalifuta umbo hilo. Kwa hiyo vidoa vya duara vya kila siku chini ya mwembe si umbo la nafasi za majani, kwani majani hayaachi nafasi za duara. Ni picha za jua. Tumezikanyaga tangu utotoni.

Kuna mahali alipokomea. Hakusema kuwa jicho lenyewe ni chumba cha giza, kwani picha ya tundu huja kichwa chini, naye hakukubali kuwa tunaona dunia iliyopinduka. Baada yake Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 8 Hijria, alimshereheshea Kitab al-Manadhir na kuyarudia masuala ya tundu kwa undani. Tafsiri ya Kilatini ya kitabu hicho ilichapwa Basel mwaka 1572, na miongo mitatu baadaye Kepler ndiye aliyethubutu kusema kuwa picha ndani ya jicho imepinduka kweli.

Kwa karne zote hizo picha ya tundu ilikuwa mgeni asiyelala: jua likizama, imeondoka. Kuilaza kulihitaji dawa zinazobadilika kwa nuru, na hilo lilikuja Ulaya baina ya miaka ya 1820 na 1839 kwa kazi za Niépce na Daguerre huko Ufaransa na Talbot huko Uingereza. Talbot alitumia visanduku vidogo vya mbao alivyochongewa na seremala wa kijijini kwake, na mkewe akaviita mitego ya panya. Hivyo vilikuwa na lenzi. Jina la tundu la sindano katika upigaji picha usio na lenzi alilitumia David Brewster mwaka 1856.

Sasa tulirudie kopo. Linapakwa ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Ubavuni hukatwa dirisha dogo, na juu yake hubandikwa kipande cha bati laini lililokatwa kwenye kopo la soda. Bati hilo hutobolewa kwa ncha tu ya sindano ya kushonea, kisha husuguliwa kwa msasa mpaka kingo za tundu ziwe laini. Utepe mweusi wa fundi umeme ndio mlango: ukiubandua kopo linaona, ukiurudisha limefumba. Karatasi ya picha hutiwa ndani ya chumba chenye taa nyekundu, ikaegemezwa kwenye ubavu ulio mkabala na tundu. Mwaka 1891 mwanafizikia Rayleigh aliandika makala nzima juu ya kiasi cha tundu. Kwa kopo la upana wa sentimita 10, hesabu yake inatoa tundu la chini kidogo ya nusu milimita. Likizidi hapo, yanatokea aliyoyaeleza Ibn al-Haytham, umbo linafutika. Likipungua sana, nuru yenyewe hutawanyika kandokando ya tundu na picha huwa na ukungu. Mpaka huu wa pili Ibn al-Haytham hakuujua, kwani unatokana na tabia ya nuru kwenda kama wimbi.

Katika jua kali kopo huachwa wazi dakika moja au mbili. Karatasi ikisafishwa hutoka kinyume: mbingu nyeusi, kivuli cheupe. Huwekwa juu ya karatasi nyingine na kumulikwa tena ndipo mambo yanyooke. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa imejipinda ndani ya kopo, ukuta wa msikiti hutoka umepinda kama ndizi. Watoto walicheka sana.

Tuje kwenye hukumu. Mwaka 1861 afisa wa jeshi la Misri, Muhammad Sadiq Bey, alipiga picha za mwanzo zinazojulikana za mji wa Madina, na mwaka 1880 akapiga za Makka. Kamera basi ilifika Haram mbili kabla mafaqihi hawajamaliza kujadiliana juu yake. Msingi wa mjadala unajulikana: hadithi sahihi zinawaonya watengenezaji picha kuwa Siku ya Kiyama watatakiwa kuvipa uhai walivyoviumba. Ibn Abbas (r.a.), alipofuatwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza picha, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Mafaqihi wakazigawa picha za viumbe mafungu mawili: zenye kivuli, yaani sanamu, na zisizo na kivuli, yaani zilizo bapa kwenye nguo au ukuta. Wamaliki wengi waliona zisizo na kivuli ni makuruhu. Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676/1277), ambaye sisi Mashafii wa pwani hii tunamtegemea sana, aliikataa tofauti hiyo na kuziharamisha zote.

Ndani ya mjadala huo aliingia Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, mwanachuoni wa Kihanafi aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 na kufariki mwaka 1935. Katika risala yake al-Jawab ash-Shafi alisema picha ya kamera haimo katika taswira iliyokatazwa, kwani iliyokatazwa ni kuleta umbo ambalo halikuwepo na kuiga kwalo uumbaji wa Mwenyezi Mungu. Ama picha ya kamera ni *habs adh-dhill*, kufunga kivuli, kwa njia wanazozijua watu wa fani hiyo. Tazama neno lilivyogeuka: mafaqihi walikuwa wakiuliza kama picha ina kivuli, yeye akasema picha ndiyo kivuli. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliichukua rai hiyo katika kitabu chake cha halali na haramu cha mwaka 1960, akataja kuwa watu wa Ghuba huiita picha *'aks*, yaani kiakisi. Kwa upande wa Shia, Sayyid al-Khoei pia aliruhusu picha za kamera katika Minhaj as-Salihin.

Waliopinga hawakuwa watu wadogo. Sheikh Ibn Baz aliona kuwa kamera ni chombo tu, na matamko ya hadithi yanaienea kama yanavyoienea kalamu. Sheikh al-Albani katika Adab az-Zifaf aliikejeli hoja ya kivuli kwa ukali: iweje juhudi za aliyeunda mashine, na za anayeielekeza na kuirekebisha, zisihesabiwe kuwa kazi ya mwanadamu? Sheikh Ibn Uthaymin alishika njia ya katikati, akaona anayepiga kwa kamera hakuchora umbo, lakini hukumu inafuata makusudio ya picha.

Sasa liitwe kopo la maziwa litoe ushahidi. Kamera za madukani zina lenzi, vifungo na mitambo mingi, na mtu anaweza kudhani kuwa mashine ndiyo inayochora. Kopo halina hata kimoja. Humo ndani mna giza, na giza halichori. Hakuna mkono unaoamua pua iwe ndefu au fupi. Kinachoingia ni nuru iliyotoka kwenye kitu chenyewe, ikashika njia yake iliyonyooka kama taa za Ibn al-Haytham. Mpaka hapo naona al-Muti'i yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa Ibn al-Haytham angemsahihisha neno moja: kinachofungwa si kivuli bali ni nuru. Kivuli ni pale nuru ilipokosekana, ndiyo maana kwenye karatasi ya kwanza kivuli hubaki cheupe, hakikuandikwa kitu. Aya ya 45 ya Surat al-Furqan inalifanya jua kuwa dalili ya kivuli, wala si kinyume chake.

Lakini kopo linashuhudia upande wa pili pia. Halikujitoboa lenyewe. Mtoto ndiye aliyepima tundu, akachagua pa kulielekeza, akahesabu dakika. Al-Albani ana haki kusema kuwa kazi ya mwanadamu ipo. Pale ambapo sikubaliani naye ni juu ya aina ya kazi hiyo. Aliyekinga maji ya mvua kwa pipa amefanya kazi, na pipa ni lake, lakini hakuna atakayesema kuwa amenyesha mvua. Na hata hapo ubishi haujaisha, kwani mpinzani atasema kioo nacho hukinga nuru ila hakiihifadhi, na chumba cha Ibn al-Haytham kilikuwa kioo cha aina hiyo. Jipya la mwaka 1839 ni kuhifadhi. Naam, na kilichohifadhiwa ndicho kinachoweza kutundikwa, kutukuzwa, kuoneshwa yasiyofaa kuoneshwa. Huko ndiko rai ya Ibn Uthaymin inakokuwa na nguvu: swali la "imetengenezwaje" likishajibiwa, linabaki la "imetengenezwa ya nini".

Anayedhani huu ni ubishi wa madrasa tu na akitazame kisa cha Chuo Kikuu cha Hertfordshire huko Uingereza. Mwaka 2012 mwanafunzi mmoja alifunga juu ya kuba la kituo chao cha kutazama nyota kopo la kinywaji lenye tundu la sindano na karatasi ndani. Likasahauliwa. Mwaka 2020 likakutwa, limekaa miaka minane na mwezi mmoja, na kwenye karatasi mna njia za jua 2,953, utao mmoja kwa kila siku. Mtu aliweka kopo kwa dakika chache, jua likachora kwa miaka minane. Mpiga picha ni nani?

Ama yule mzazi, sikumsomea yote haya. Nilimwambia kuwa katika wanazuoni wanaokataza, wanaokusudiwa ni viumbe wenye roho, na kwamba kopo lina tabia ambayo huenda ikamtuliza. Kwa kuwa linakaa wazi muda mrefu, kitu kisichotulia hakiandikiki. Ndivyo ilivyokuwa kwa Daguerre mwaka 1838: alipiga picha ya barabara ya Paris iliyojaa watu na magari ya farasi, ikatoka tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu.

Nikamtolea picha iliyotoka katika kopo la mwanawe. Siku ile watoto zaidi ya ishirini walikuwa wakikimbia uwanjani. Katika picha mna ukuta wa msikiti uliopinda, birika la kutawadhia, mwembe, na uwanja mtupu. Kwenye ngazi tu pana kivuli cha mtoto mmoja aliyekaa kitako, uso hauonekani vizuri. Akaitazama kwa muda, akauliza: "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni mwanawe, alikuwa amekaa akihesabu dakika.

Picha aliondoka nayo. Kopo aliliacha mezani.